Mama wa miaka 68 akipigwa roba alfajiri: wazee wetu tuwafundishe nini?

MwanaNgamiani (#1)

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za leo.

Uzi huu nimekaa nao moyoni miezi saba, leo nimeona niulete.

Mama yangu ana miaka 68. Anaishi Ngamiani hapa Tanga na anachoma vitumbua tangu mimi niko darasa la pili. Saa kumi na nusu alfajiri huwa ameshafunga mlango anaelekea kwenye kibaraza chake cha biashara, mwendo wa hatua 200 hivi. Asubuhi hiyo vijana wawili walimtokea uchochoroni. Mmoja alimpiga roba, yaani alimkaba shingo kwa mkono kutoka nyuma, mwenzake akashika kipochi. Mama akang'ang'ania. Kipochini mlikuwa na shilingi 11,000 na kiswaswadu chake, kile kisimu cha vitufe. Walipoona haachii wakamtupa chini, naye akatanguliza kiganja. Mfupa ukavunjika juu kidogo ya kifundo cha mkono. Hogo (plasta ngumu) wiki sita, na hadi leo mkono ule haukamui tui.

Mimi ni mwalimu wa karate. Nimefundisha watoto wa watu miaka 22, wengine nimewapeleka mashindanoni hadi Mombasa, wala sikuwahi kumwita mama yangu mzazi nikamwonyesha afanye nini mtu akimkaba shingo. Hilo linaniuma kuliko kile kipochi.

Hogo lilipotolewa nikaanza naye. Jumamosi baada ya alasiri, chini ya mwembe, uani kwa jirani. Sasa wako saba, mkubwa wao ana miaka 79. Nilidhani nitawafundisha kile ninachofundisha siku zote, ila polepole. Nilikosea. Mwili wa mzee una hesabu zake.

Hesabu ya kwanza ni miguu. Kijana akianguka anajipangusa vumbi. Mzee akianguka anaweza kuvunjika nyonga, na wapo waliovunjika nyonga wasirudi tena kutembea wenyewe, hasa akina mama, maana baada ya kukoma hedhi mifupa hupungua nguvu haraka. Kwa hiyo teke sifundishi kabisa. Nafundisha kusimama: mguu mmoja mbele, magoti yalegee kidogo, kama mtu aliyekosa siti kwenye daladala. Na ukiona watu huwaelewi, sogea ukutani uupe mgongo. Ukuta una faida mbili, hakuna wa kukujia nyuma na ukisukumwa una pa kuegemea.

Ngumi pia nimeiacha. Vidole vya mzee vikigonga fupa la uso vinavunjika vyenyewe. Tunatumia kitako cha kiganja. Siku ya kwanza mama alikuwa anapiga gunia la pumba kama anapapasa mtoto. Nikamwambia, "Mama, sukuma kama unakanda unga wa chapati." Gunia likarudi nyuma likanigonga kifuani. Kumbe nguvu anayo, miaka 40 anakanda. Kiganja hicho kinapanda kutoka chini kwenda puani au kidevuni. Vidole vinakwenda machoni. Kisigino kinashuka juu ya wayo wa yule mtu, pale kwenye vimifupa vyembamba, na vibaka wengi wa alfajiri wamevaa kandambili.

Roba sasa, maana ndiyo iliyotuleta hapa. Mkono ukishafika shingoni usijaribu kupiga kwanza, tafuta pumzi kwanza. Inamisha kidevu na kigeuze kuelekea kwenye mkunjo wa kiwiko chake, pale ndipo penye nafasi. Mikono yako yote miwili iushike ule mkono na uuvutie chini kwa uzito wa mwili wako, si kwa nguvu za mikono. Ukishapata hewa, shusha kisigino juu ya wayo wake, kisha rudisha kiwiko mbavuni. Ukishindwa hayo yote, tafuta kidole chake kimoja, kile kidogo, ukikunje kwa kukirudisha nyuma. Kidole kimoja cha kijana hakiwezi kushindana na mkono mzima wa bibi.

Akilegea tu, ondoka. Hatupigani raundi ya pili.

Naomba michango, hasa ya wazee wenyewe na wanaoishi nao.

Mstaafu wa Kurasini (#2)

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa mama.

Mimi nina miaka 74, nimefanya kazi bandarini miaka 31. Nasema kwa heshima: uzi wako una mema mengi lakini unaweza kumuua mtu. Mwaka juzi nilitokewa na vijana watatu jioni, mmoja ana kisu. Nikawapa simu, nikawapa pochi, nikavua na saa. Wakaondoka. Nimerudi nyumbani nimekula ugali na wajukuu. Jirani yangu, kijana wa miaka 40 mwenye kifua, alibishana na watu wa namna hiyohiyo, na sasa anatembea na magongo.

Kwa umri wangu silaha yangu ni kutoa. Kijana wa miaka 20 sitamshinda hata unifundishe karate mwaka mzima.

MwanaNgamiani (#3)

Mzee wangu, shikamoo. Sikubishii, na ningelitanguliza hilo kule juu.

Wapo wa aina mbili. Kuna anayetaka kitu chako, na kuna anayekutaka wewe. Anayetaka kitu, mpe. Nawaambia wanafunzi wangu: kipochi ukirushe upande mmoja, wewe elekea upande mwingine. Macho yake yatafuata kipochi. Mama aking'ang'ania 11,000 analipa kwa mfupa. Na mkoba usivaliwe kwa kupitisha ukanda kifuani pale penye bodaboda wanaonyakua wakipita, maana pikipiki inaondoka na mkoba pamoja na mwenye mkoba. Hela ya maana ikae kwenye pindo la kanga kwa ndani, kipochini iwe ya kutoa.

Simu nayo hivyohivyo. Siku hizi wanataka na namba ya siri. Mzee awe na laini ya kutembea nayo yenye hela kidogo, akiba ikae kwenye laini iliyobaki nyumbani.

Lakini ukishatoa kila kitu na bado amekushika, anakuvuta kichakani, anakusukuma urudi ndani ya nyumba yako, au ameingia chumbani usiku na hakuuliza habari ya hela, huyo hakuja kuchukua kitu. Hapo ndipo kiganja na kisigino vinapohitajika, na hapo mzee asiyejua lolote hana cha kufanya. Ni kwa ajili ya dakika hiyo tu ninawafundisha.

Mkazi wa Kayole (#4)

Hamjambo ndugu zangu wa Bongo. Niongeze ya huku Nairobi.

Hilo la "anayekutaka wewe" tunalijua sana. Korogocho kuna shosho, yaani bibi zetu, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakikutana kufunzwa kujikinga, na wamewahi kuonyeshwa kwenye habari hadi nchi za nje. Hawakuanza kwa sababu ya wezi wa simu. Walianza kwa sababu ya ubakaji. Kuna vijana walioaminishana kwamba mwanamke mzee hana virusi vya Ukimwi, wengine kwamba ukilala naye unatakasika. Kwa hiyo shosho wa miaka 70 anayelala peke yake kwenye nyumba ya mabati akawa ndiye windo.

Wanachofunza hakitofautiani sana na hicho cha mwalimu: macho, pua, koo, sehemu za siri. Ila wao wanaweka mbele kitu ambacho wewe umekisahau. Sauti. Wanasimama kwenye mstari na kila pigo linakwenda na neno "Hapana!" kwa sauti ya juu kabisa. Nina shangazi yangu aliyewahi kuhudhuria mafunzo kama hayo mtaa mwingine. Aliniambia kupiga gunia ilikuwa rahisi, kupaza sauti ndiko kulimchukua majuma matatu. Mwanamke wa umri wake amelelewa kuambiwa mwanamke mwenye heshima hapigi kelele. Mara ya kwanza neno lilimtoka kama anaomba radhi.

Siku lilipotoka vizuri alilia. Aliniambia hakuwahi kusikia sauti yake ikiwa kubwa hivyo tangu akiwa msichana anafukuza ndege shambani.

Kwa wa Kenya mnaosoma: aliyedhulumiwa kingono apige 1195, haina malipo. Na afike hospitali ndani ya saa 72, asioge kwanza, apate dawa za kuzuia maambukizi. Shosho wengi wanaona aibu, wananyamaza, saa zinapita.

MwanaNgamiani (#5)

Dada yangu, asante mno. Jumamosi ijayo tunaanza na sauti.

Mwananzengo (#6)

Wakuu, natokea Usukumani. Nimesoma mpaka hapa nikaona niseme, kwa sababu mshambuliaji wa bibi zetu hajifichi uchochoroni. Anakuja na panga usiku wa manane na ametumwa.

Mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi mnayasikia redioni: Shinyanga, Mwanza, Geita, Simiyu, Tabora. Mtoto ameugua, ng'ombe wamekufa, mtu anakwenda kwa mpiga ramli, anaambiwa mchawi wako ni mwanamke mzee, macho mekundu, anakaa upande fulani. Macho mekundu! Bibi amepika miaka 50 kwa kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba ndani ya kijumba kisicho na dirisha. Macho yatakuwa meupe kwa njia gani? Na ukichimba zaidi unakuta chini ya ramli kuna shamba. Bibi ni mjane, ana ekari zake, na kuna mtu wa ukoo anayeona bibi anachelewa kufa.

Bibi yangu mzaa mama alianza kusemwa mwaka ule mjomba alipofiwa na watoto wawili. Hatukumfundisha kupigana. Kwa mtu mwenye panga ningefundisha nini? Tulifanya mengine. Mlango wa mabanzi tukautoa, tukaweka wa mbao nene wenye komeo la ndani na gogo la kukingama. Wajukuu wawili wakubwa wakahamia kulala kwake. Jiko tukalitoa nje, tukajenga lenye bomba la kutolea moshi. Magu wapo MAPERECE, shirika la wazee lililowahi kufanya kazi hiyohiyo ya majiko, na nia ilikuwa hiyo, kuwaondolea bibi zetu alama inayowaua. Halafu mama yangu akaitisha kikao cha ukoo mchana, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na bibi akatamka shamba atamwachia nani, ikaandikwa, ikawekwa mihuri. Tangu siku hiyo hakukuwa tena na mtu anayefaidika bibi akifa mapema, na maneno yakapungua.

La mwisho ni mwano, yowe la kuita watu kwenye hatari. Sungusungu walipoanza Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980, walirudisha utaratibu wa mwano ukipigwa kila mwanamume anatoka na silaha yake, na asiyetoka anatozwa. Bibi tulimpa filimbi, ya plastiki tu, inaning'inia kwenye kitanda. Anaipuliza hata akiota vibaya, na tunatoka. Hatujawahi kumlaumu kwa kutuamsha bure.

Mwana wa Ganze (#7)

Huku Kilifi ni vilevile kwa wazee wa kiume. Mvi zimekuwa hukumu. Kaya Godoma, Ganze, imekuwa ikiwapokea wazee waliokimbia watoto wao wenyewe. Mzee anaishi pale anasikia habari za mji wake kwa wapita njia. Na kiini ni hichohicho alichosema Mwananzengo, ardhi.

Mkomani Amu (#8)

Mwalimu, umezungumza yote umesahau bakora! Mzee na bakora yake.

Huku Amu, yaani Lamu, kwenye Maulidi kunachezwa kirumbizi. Wawili wanaingia uwanjani na bakora, ngoma na zumari vinalia, wanazungukana, wanapigiana. Nimekulia kwenye mchezo huo na ninakwambia wazee ndio hodari. Kijana anainua fimbo juu sana, mzee anasogeza kifundo cha mkono tu na ameshaingia. Babu yangu alikuwa na bakora ya henzirani. Alisema ya henzirani inapinda lakini haikatiki.

Mzee anayetembea na bakora ana silaha halali mkononi saa zote. Mfundishe kuitumia.

MwanaNgamiani (#9)

Mkuu umenikumbusha kitu kikubwa, na nimekaa nacho wiki nzima kabla ya kujibu, nimekijaribu na wazee wangu wanne wanaotembea na fimbo.

Kosa la kwanza wote walilifanya: waliinua juu ili wachape. Mkono wa mzee ukipanda juu ya bega unachelewa kushuka, na kijana anaidaka. Anayedaka fimbo yako amekupokonya silaha na mguu wako wa tatu kwa pamoja. Kwa hiyo hatuchapi, tunachoma. Mikono miwili, mmoja karibu na kishikio na mwingine katikati, fimbo ikae mbele ya kitovu, kisha isukume ncha mbele kama unayesukuma mchi. Tumboni chini ya mbavu, kooni hatari ikizidi, au chini kabisa kwenye ugoko. Ugoko una maumivu makali na hauhitaji nguvu.

Akiishika? Usivutane naye. Atakuvuta na utaanguka. Mwachie ghafla wakati anavuta, arudi nyuma yeye. Au sogea hatua moja kumfuata, na uizungushe fimbo kuelekea upande wa dole gumba lake, pale mkono unapofunguka. Kanuni hiyohiyo unaitumia mtu akikushika kifundo cha mkono: usivute kurudi nyuma, pitisha mkono wako kwenye mwanya wa dole gumba na vidole.

Bakora yenyewe iwe na urefu sahihi. Simama wima umevaa viatu vyako vya kila siku, mkono uning'inie, kishikio kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Niliyoyakuta kwa wazee wangu ni fimbo ndefu mno au fupi mno, za kurithi. Mzee mmoja alikuwa anatumia ya marehemu baba yake aliyekuwa mrefu kuliko yeye kwa kichwa kizima. Hataki ikatwe, na namwelewa. Tumemtafutia nyingine ya kutembelea, ile imepanda ukutani.

Wakili wa Mtaa (#10)

Wakuu, mchango mfupi wa sheria kwa Tanzania Bara, maana wazee wengi wanaogopa kwamba wakimuumiza kibaka watafungwa wao.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18A kinampa kila mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwingine, na kutetea mali. Kifungu cha 18B kinaweka mpaka: nguvu utakayotumia iendane na hatari iliyopo. Kwa mzee mahakama inaangalia hali yake. Bibi wa miaka 70 aliyekabwa shingo akachoma jicho la mtu kwa kidole hawezi kulinganishwa na mwanajeshi. Lakini kibaka akishaanguka au ameshakimbia, hatari imekwisha, na pigo linalofuata ni kosa lako wewe.

Kwa hiyo lile la mwalimu la kutopigana raundi ya pili ni sheria pia.

Na jambo la pili ndilo lililonifanya niandike. Msiwafundishe wazee kupiga kelele za "Mwizi!" Wote tunajua neno hilo linafanya nini mtaani. Dakika tano, tairi na petroli. Nimewatetea watu waliobebeshwa kesi ya mauaji kwa sababu walitoka na fimbo waliposikia neno hilo, na aliyekufa hakuwa mwizi.

Chuma cha Pua (#11)

Wakili, na akiwa mwizi kweli? Mama wa mwenzetu amevunjwa mkono, wewe unamwonea huruma aliyevunja. Mwizi aitwe mwizi. Wangechomwa wawili pale Ngamiani wengine wangeacha.

MwanaNgamiani (#12)

Ndugu yangu, nakuelewa. Ile asubuhi nilipofika hospitali na kumwona mama ameshika mkono wake kama ameshika kifaranga, ningewachoma mimi mwenyewe.

Lakini nikueleze kitu ambacho sikukiandika mwanzo. Mama hakupiga yowe. Nilimuuliza mara nyingi kwa nini, maana kabla roba haijakaza pumzi alikuwa nayo. Alikuja kuniambia mwezi wa tatu. Yule aliyeshika kipochi alisema, "Achia, bibi." Kwa sauti hiyo mama akamtambua. Ni mtoto aliyekuwa akipita kibarazani kwake akienda shule, na siku ambazo kwao hakuna kitu mama alimpa vitumbua viwili kwenye karatasi. Mama aliona kwamba akisema "mwizi" watu wangetoka, na yule mtoto asingefika saa kumi na mbili akiwa hai. Akanyamaza. Akachagua mkono wake uvunjike.

Kesi ilifunguliwa, hilo liko kwa wahusika. Ninachosema ni kwamba mama yangu alinyamaza kwa sababu neno pekee alilokuwa nalo lingeua. Angekuwa na neno jingine angelitumia. Sasa tuna mengine. Tunaita majina: "Baba Asha! Mama Neema! Jirani, nakabwa!" Mtu akiitwa jina lake anatoka, maana anajua ni yeye anayetakiwa. Ukiita "watu wee" kila mtu anadhani mwingine atatoka. Kila mwanafunzi wangu amechagua majina matatu ya nyumba za karibu, na wenye majina wameambiwa.

Chuma cha Pua (#13)

Nimesoma mara mbili. Nisamehe mkuu. Mpe mama shikamoo yangu.

Mama Wawili (#14)

Naomba kuuliza, na sijui kama ni mahali pake. Je, mshambuliaji akiwa mjukuu wako uliyemlea?

Si mimi, ni mama mkwe wangu, miaka 72. Kijana ana 24, yuko kwenye unga, yaani dawa za kulevya. Kwanza alikuwa anaiba sufuria. Kisha anadai hela ya pensheni. Mwezi uliopita alimsukuma bibi kwenye mlango. Bibi anatuambia alijikwaa. Tumeongea naye kuhusu kujikinga, anasema, "Nitamchomaje macho mtoto niliyemwogesha?"

MwanaNgamiani (#15)

Dada, hapa ndipo mahali pake. Nimeandika jibu lako nikafuta mara tatu.

Mama mkwe wako amesema kweli. Hatamchoma macho, na mimi sitamfundisha. Mbinu inahitaji mtu aliyekubali moyoni kwamba yule mbele yake anaweza kuumizwa. Kwa mjukuu hakubali, na mkono utasita, na mkono uliosita ni hatari kuliko mkono uliotulia.

Ninachoweza kumfundisha ni mlango. Chumba chake kiwe na komeo la ndani, simu ndani, ndoo ya haja ndani, asilazimike kutoka usiku. Kijana akija akiwa na arosto, yale mateso ya kukosa unga, bibi asisimame mlangoni kubishana, na asikae jikoni penye visu. Ahesabu njia yake ya kutoka: kutoka kitini hadi mlango wa nyuma, hadi kwa jirani. Aifanye mchana, mara kadhaa, mpaka miguu ijue yenyewe. Pensheni isipokelewe nyumbani wala kijana asijue tarehe.

Mengine wajibu wenye ujuzi nayo.

Muuguzi Mstaafu (#16)

Mama Wawili, nimefanya kazi na vijana hao. Tiba ipo. Muhimbili walianza kliniki ya methadoni mwaka 2011, na baadaye zikafunguliwa Mwananyamala, Temeke, na mikoani pia, Mbeya na Mwanza zipo. Kijana anakunywa dawa kila siku mbele ya mhudumu, arosto inaisha, na yule mnyama anayemsukuma bibi anaondoka taratibu. Wengine wanarudi kuwa watoto wa watu kabisa.

Lakini hilo linachukua muda, na bibi yuko hatarini leo. Nendeni dawati la jinsia na watoto kwenye kituo cha polisi kilicho karibu, na mwoneni afisa ustawi wa jamii. Mkifika semeni neno lenyewe, "amempiga". Mkisema "kuna kutoelewana nyumbani" mtarudishwa mkayamalize kifamilia. Na bibi aondolewe pale kwa muda, hata miezi miwili, aje akae kwenu. Mwambieni mnamwomba awasaidie watoto. Bibi hakubali kukimbia, lakini atakubali kuitwa kusaidia.

Kingine, nilitibu wengi "waliojikwaa". Aliyejikwaa huumia viganja na magoti. Ukiona michubuko mikononi upande wa ndani juu ya kiwiko, umbo la vidole, huyo alishikwa. Mtazameni mikono wakati anaoga au anavaa.

Mama Wawili (#17)

Ana hiyo michubuko. Tunamfuata kesho.

Mstaafu wa Kurasini (#18)

Mwanangu MwanaNgamiani, nimerudi. Nilikupinga kule juu, na lile la kutoa bado ni msimamo wangu. Lakini lile la miguu nimelifanyia mazoezi yangu mwenyewe. Kila asubuhi nikitoka msikitini nakaa kwenye kiti na kusimama bila kushika, mara kumi. Siku ya kwanza niliweza nne. Halafu nasimama kwa mguu mmoja nimegusa ukuta kwa kidole. Juzi nilijikwaa kwenye mtaro na sikuanguka, miguu ilijipanga yenyewe. Kwa hilo tu nakushukuru.

Sasa swali. Bakora yangu ni ya mpingo, nzito, na inateleza kwenye vigae vya msikiti. Nimetafuta ile mipira ya kuvalisha chini madukani Kariakoo nimepata mikubwa tu ya magongo ya hospitali. Nifanyeje?

MwanaNgamiani (#19)

Mzee wangu, nenda kwa fundi viatu anayetengeneza makubazi ya matairi. Akate kipande cha duara cha tairi, kipana kuliko ncha ya bakora kwa unene wa kidole pembeni, kile chenye mistari kielekee chini. Asipigilie msumari katikati, mpingo utapasuka. Aipige ncha msasa, abandike kwa gundi ya viatu, kisha akate ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli auzungushe kuanzia kwenye kipande hicho kupanda juu sentimita tano hivi, aukaze kwa uzi wa nailoni. Iache usiku mzima kabla ya kuikanyagia.

Asubuhi uijaribu kwanza kwenye vigae vikiwa vikavu, halafu vikiwa na maji ya udhu.